Kuchagua wiski ya zawadi Njombe na Makambako

Wiski ya Uskoti ni pombe kali ya nafaka iliyopikwa Uskoti na kulazwa huko huko ndani ya mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Kilevi chake hakishuki chini ya asilimia 40, na hakiruhusiwi kuongezwa kitu zaidi ya maji na rangi ya karameli. Masharti hayo yamo katika kanuni za Uingereza za mwaka 2009, nayo yanampunguzia kazi mnunuzi anayesimama mbele ya rafu ya duka la vinywaji Makambako au Njombe mjini. Mengi anayohitaji kuyajua yameandikwa kwenye lebo, ilimradi ajue pa kutazama.

Katika nyanda hizi kinywaji cha kumpelekea mtu kwa heshima, tangu zamani, ni ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa wakati wa masika na kubebwa ndani ya mbeta. Ulanzi haungoji. Ukiwa mbichi ni mtamu, kesho yake umekwisha kukolea, na baada ya siku chache haunyweki. Anayealikwa kwenye send-off ya Julai, au kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu anayestaafu Agosti, wakati mianzi imeacha kutoa, hutafuta kitu kinachokaa. Wiski inakaa. Chupa iliyofungwa haichachi wala haivundi, na kilichomo hakibadiliki hata ikikaa kabatini miaka 10.

Jambo la kwanza la kujua ni kama anayepewa anakunywa. Njombe ni mkoa wenye Walutheri wengi, na makao ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT yako mjini hapo. Yapo makanisa mengine ambayo waumini wake hawagusi pombe kabisa, na wapo watu walioiacha kwa amri ya daktari au baada ya kuhangaika nayo. Mtu wa namna hiyo akiletewa chupa mbele ya wageni anatiwa aibu asiyostahili. Kumuuliza mkewe, mdogo wake au rafiki yake wa karibu ni jambo la dakika moja. Ikibainika kuwa hanywi, pakiti za chai ya Luponde ni zawadi nzuri na hazimuumizi mtu. Aliye chini ya miaka 18 hauziwi pombe na hatakiwi kupewa.

Ikiwa anakunywa, swali linalofuata ni vipi. Anayechanganya wiski na soda au tangawizi ana mahitaji tofauti na anayeimimina tupu, akaionja taratibu kwa saa nzima. Wa kwanza hataiona tofauti ya chupa ya bei kubwa, kwa sababu sukari ya soda hufunika ladha zote za pipa. Kwake Johnnie Walker Red Label, Grant's, J&B au VAT 69 zinatosha na hazina sababu ya kuonewa haya. Wa pili ndiye anayestahili fedha kuongezwa.

Kwenye lebo, cha kwanza kutafuta ni maneno Scotch Whisky. Jameson ni ya Ireland na Jack Daniel's ni ya Tennessee, Marekani. Zote mbili zina wapenzi wake, lakini aliyeagizwa ya Uskoti na akaleta mojawapo ya hizo hajaleta alichoagizwa. Ishara ya haraka ni herufi: za Ireland, na nyingi za Marekani, huandikwa whiskey, zikiwa na e kabla ya y, ilhali za Uskoti hazina.

Kisha aina. Zilizojaa madukani ni zile zilizoandikwa Blended Scotch Whisky, yaani mchanganyiko wa wiski za kimea cha shayiri na wiski za nafaka nyingine, hasa ngano au mahindi, kutoka viwanda vingi. Single Malt ni ya kimea cha shayiri kitupu, imetoneshwa kwenye mitambo ya shaba ya kiwanda kimoja, na tangu 2012 ni lazima itiwe chupani Uskoti. Wengi huamini kwamba single malt lazima iwe bora kuliko mchanganyiko. Si lazima. Mchanganyiko mzuri hutengenezwa ili kila pembe kali ilainishwe na nyingine, na kwa mpokeaji ambaye tabia yake ya unywaji haijulikani sawasawa ndio salama zaidi. Single malt ina msimamo wake, na msimamo huo unaweza kumpendeza sana mtu au kumshinda.

Umri ukiandikwa, kwa mfano miaka 12, maana yake ni kwamba wiski changa kuliko zote zilizomo ndani ya chupa hiyo ilikaa pipani miaka 12. Nyingine zinaweza kuwa na umri mkubwa zaidi, lakini hakuna iliyo chini. Johnnie Walker Black Label na Chivas Regal ya kawaida ni za miaka 12. Green Label ya Johnnie Walker, ambayo ni mchanganyiko wa single malt tupu, ni ya miaka 15. Kila mwaka sehemu ya wiski, kiasi cha asilimia 2, hupotea kwa kupenya mbao za pipa na kuwa mvuke, na mwenye kiwanda hulipia ghala muda wote huo. Ndiyo maana chupa ya miaka 18 ina bei ya kushtua. Zipo pia chupa za gharama zisizotaja umri, Blue Label ikiwa mojawapo, na hapo mnunuzi hulipia uteuzi wa mapipa badala ya hesabu ya miaka. Miaka huacha kuhesabika wiski inapotoka pipani. Chupa ya miaka 12 iliyofichwa kabatini tangu harusi ya wazazi bado ni ya miaka 12.

Rangi isimdanganye mtu. Karameli inaruhusiwa, kwa hiyo weusi wa wiski si ushahidi wa ukongwe. Kinachofaa kusomwa ni aina ya pipa, pale inapotajwa. Mapipa yaliyokwisha kubeba bourbon ya Marekani huacha ladha inayoelekea vanila na asali. Yaliyobeba sherry, divai ya Jerez, Hispania, huleta utamu wa zabibu kavu na viungo. Wanaoanza kunywa wiski tupu kwa kawaida huzipenda zote mbili.

Kilichowagawa wanywaji ni moshi. Katika sehemu kadhaa za Uskoti, na hasa kisiwa cha Islay, shayiri hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa bondeni, uliojaa mimea iliyooza nusu, unaokatwa matofali na kuanikwa mpaka uweze kuwaka. Anayelima kinyungu amewahi kushika udongo unaofanana na huo. Moshi wake huingia kwenye kimea na hautoki tena. Laphroaig na Lagavulin, zote za Islay, zina harufu ya moshi na dawa ya hospitali, na mtu asiyezizoea hudhani zimeharibika. Zawadi ya namna hiyo ipelekwe kwa anayejulikana kuipenda tu. Black Label ina moshi kidogo, Double Black ina zaidi. Upande wa utamu zipo za bonde la mto Spey, kama Glenfiddich, ambayo ya miaka 12 hukumbusha matunda mabichi, na Glenlivet, ambayo mwanzilishi wake George Smith alichukua leseni mwaka 1824, mwaka mmoja baada ya sheria ya ushuru iliyowatoa wapikaji wengi kwenye magendo.

Kwa zawadi nyingi zinazotolewa Njombe, mchanganyiko wa miaka 12 ndio chaguo lenye busara. Jina lake linajulikana, ladha yake haimtishi mtu, na tofauti yake na chupa ya kawaida inaonekana tangu funda la kwanza. Ukubwa nao una nafasi yake. Zawadi ya mtu mmoja, bosi au shemeji, ni afadhali iwe mzinga mmoja wa 750 ml ulio bora kuliko lita nzima ya chini yake. Kwa chupa inayokwenda ukweni pamoja na mshenga, ambako wazee wanane watataka kila mmoja amiminiwe, hesabu inageuka: lita ya wiski changa inawatosha wote, na kumnyima mzee mmoja ni kosa litakalosimuliwa.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni uhalali wa chupa. Wiski huvutia waghushi kwa sababu bei yake ni kubwa na chupa yake tupu inaweza kujazwa tena. Inayoghushiwa kwa spiriti ya bei nafuu ni hasara ya fedha. Iliyotiwa methanoli hupofusha na kuua. Tangu 2019 pombe kali zinazouzwa nchini zinatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na mamlaka hiyo ina programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu inayoisoma stempu na kuonyesha bidhaa iliyosajiliwa nayo. Mnunuzi asione haya kutoa simu dukani. Muuzaji mwaminifu hapotezi chochote.

Baada ya stempu, chupa ishikwe mkononi na itazamwe kwenye mwanga. Kifuniko kisizunguke kabla ya kukatwa, wala pete yake isiwe na alama ya kufunguliwa. Ujazo ufike shingoni, ulingane na wa chupa jirani ya aina ile ile. Lebo ikae sawa, bila gundi iliyovuja pembeni, na herufi zake zisiwe na ukungu wala kosa la tahajia. Kiwanda kilichopita karne nzima kikiandika jina lake hakilikosei. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye kioo au lebo isiwe imekwanguliwa. Chupa ikipinduliwa polepole, ndani pasielee chembe. Kisha bei. Juu ya gharama ya kiwanda, wiski hubeba ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, halafu nauli ya zaidi ya kilomita 600 kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Makambako. Anayeiuza kwa nusu ya bei ya wenzake ama hakulipa ushuru ama hauzi wiski. Risiti ya EFD idaiwe, kwa sababu ndiyo itakayomrudisha mnunuzi dukani kukiwa na tatizo. Chupa yenye mashaka hairudishwi rafuni kimya kimya: taarifa ipelekwe TRA au Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hushughulikia bidhaa bandia.

Makambako, penye makutano ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia na ile inayoshuka Njombe na Songea, tena penye stesheni ya TAZARA, hupokea bidhaa kabla ya Njombe, umbali wa kilomita 60 hivi. Single malt isiyo ya kawaida inaweza isipatikane katika miji yote miwili, na hapo huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kama kifurushi cha basi. Iagizwe wiki mbili mapema, ifungwe nguo ndani ya boksi gumu, na isafiri imesimama. Ndugu anayetoka nje ya nchi anaweza kubeba lita 1 ya pombe kali bila ushuru, na hiyo kwa kawaida haitakuwa na stempu ya TRA, jambo ambalo ni vema mpokeaji aambiwe.

Baridi ya Njombe huzua hofu ambayo haina msingi. Wiski ambazo hazikuchujwa kwa ubaridi, nyingi zikiwa na kilevi cha asilimia 46 au zaidi, huweza kupata ukungu zikipoa sana au zikiongezwa maji. Ni mafuta ya asili ya nafaka na pipa yanayojikusanya, na joto la sebuleni huyayeyusha tena. Mwenye zawadi ya aina hiyo Juni au Julai amweleze mpokeaji mapema, asije akadhani amepewa feki. Baridi hiyo hiyo inaondoa haja ya barafu. Wiski ikiwa baridi sana hufunga harufu yake, na kijiko cha maji ya kawaida huifungua vizuri zaidi.

Boksi la kiwandani likiwepo, lisitupwe, maana hulinda chupa na jua. Kwa sababu hiyo chupa iliyokaa dirishani mwa duka miezi mingi, boksi lake limepauka, iachwe hata kama ni halali. Nyumbani iwekwe mahali penye kivuli, wima, kwani kizibo cha gome kikilowa kilevi kikali muda mrefu huoza na kuingia ndani. Ikishafunguliwa inadumu miezi mingi ikiwa imejaa zaidi ya nusu. Ikibaki robo, hewa huanza kuimaliza ladha, na ni afadhali imaliziwe na wageni katika miezi michache. Chupa tupu ya wiski ya gharama isiuzwe pamoja na boksi lake kwa wanaonunua chupa mitaani. Lebo ichanwe na kifuniko kiharibiwe kwanza, kwa kuwa hicho ndicho waghushi wanachokitafuta.