Jino na Kikombe cha Chai katika Nchi ya Kericho

Kapsoit ni kituo cha biashara kilichokaa kando ya barabara kuu itokayo Kericho kwenda Kisumu, na mahali pake pana jambo la kutazamwa na kila mtu atakaye kujua habari za meno. Kwa kuwa nyuma yake, katika baridi ya nchi ya juu, yameenea mashamba ya chai, na mbele yake, barabara ikisha kuteremka katika joto la bonde la Nyando, huanza nchi ya miwa, nchi ya Muhoroni, Chemelil na Miwani. Mazao haya mawili yaliingia katika pande hizi kwa wakati mmoja: kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922, na makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai kwa wingi katika Kericho katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1920. Mtu wa kabila la Kipsigis, wenyeji wa nchi hii, aliyezaliwa kabla ya hapo alikulia maziwa, mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, na ugali wa wimbi, na utamu wake ulikuwa asali ilipopatikana; mjukuu wake amekulia chai ya maziwa iliyokolea sukari, asubuhi, saa nne, adhuhuri na magharibi. Chai yatoka juu, sukari yatoka chini, na mahali zikutanapo ni kikombeni; na kutoka kikombeni hupita penye meno.

Jino si mfupa, ijapokuwa watu wengi hulihesabu pamoja na mifupa. Mfupa ukivunjika huunga, kwa sababu ndani yake mna chembe hai zifanyazo kazi ya kuujenga maisha yote. Lakini ganda la nje la jino, liitwalo enameli, halina chembe hai hata moja, maana zile zilizolijenga hufa jino lichomozapo katika ufizi, na tangu siku hiyo mwili hauwezi tena kufanya enameli mpya. Ganda hilo ni gumu kupita kitu chochote kingine katika mwili wa insi: kwa uzani wake, sehemu 96 hivi katika 100 ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yaliyopangwa katika vijiti vyembamba visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kimesimama ubavuni mwa mwenzake. Juu ya vilele vya gego unene wake hufikia milimita mbili na nusu, na kadiri ligeukavyo kwenda shingoni mwa jino hupungua hata likawa jembamba sana. Chini yake iko dentini, yenye rangi ya manjano kidogo, ambayo madini yake ni kama sehemu 70 katika 100, na ambayo imetobolewa kote na vijineli vyembamba mno vielekeavyo ndani. Na ndani kabisa kimo kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, nacho ndicho kiumacho. Mtu aliyewahi kuliona gego lililopasuliwa kutoka kichwani hata mzizini hustaajabu jinsi kiini kilivyo karibu, hasa katika gego la mtoto, ambalo ganda lake ni jembamba na chumba cha kiini chake ni kipana.

Watu wa Afrika ya Mashariki, wa bara na wa pwani, aghalabu huamini ya kwamba jino bovu limeliwa na mdudu. Itikadi hiyo si ya kwetu peke yetu, kwani watu wa Babeli waliiandika katika vigae vya udongo, na Ulaya nzima iliishika mpaka tabibu wa Kifaransa, Pierre Fauchard, alipoikanusha katika kitabu chake cha mwaka 1728. Lakini waliosema mdudu hawakuwa mbali sana na ukweli. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitoa ithibati kwamba kinywani mna viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo havili jino hata kidogo, bali hula wanga na sukari iliyobaki juu ya jino, na katika kula huko hutoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo iyeyushayo madini.

Makao ya vijidudu hivyo ni ukoga, ule utando laini auhisio mtu kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Sukari ikiingia katika ukoga, tindikali hupanda kwa dakika chache tu, na ikishapita kiwango fulani, ambacho wataalamu hukipima kwa kipimo cha pH na kukiweka kama 5.5, kalsiamu na fosfeti huanza kutoka katika enameli. Hapo mate, ambayo watu huyadharau, huja na kazi yake: huiosha tindikali, huipunguza makali, na kwa kuwa yenyewe yamejaa kalsiamu na fosfeti, huyarudisha madini mahali yalipotoka. Kazi hiyo yahitaji wasaa, nusu saa kwa uchache, na pengine saa nzima. Basi kila siku, katika kila kinywa, jino hutoa na hupokea, hutoa na hupokea, na kuoza si ajali ya siku moja, ila ni hali ya jino ambalo kwa miezi na miaka limetolewa zaidi ya lilivyorudishiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili lote, nami nataka msomaji akae nalo. Fikiri mchuma chai aondokaye nyumbani alfajiri, kikapu mgongoni, baada ya kikombe kimoja na kipande cha mkate. Kisha ana chupa yake ya chai kando ya mstari wa michai, na kila akipumzika huifungua, akanywa mafunda mawili, akaifunga, akarudi kwenye majani yake mawili na kichipukizi. Kwa jumla huenda amekunywa vikombe viwili tu tangu alfajiri hata adhuhuri, na kama angevinywa pamoja na chakula chake cha asubuhi, jino lingepata shambulio moja na kisha saa nyingi za kupona. Lakini kwa kuwa amevinywa funda kwa funda, mate hayajamaliza kazi ya funda la kwanza kabla la pili halijaingia, na meno yake yamekaa katika tindikali asubuhi nzima. Kadhalika mwenye kibanda aonjaye chai yake mchana kutwa, na dereva aliyeweka soda pembeni ya usukani. Hawa wote hushangaa daktari awaambiapo kwamba si wingi wa sukari peke yake uliowaharibia meno, bali ni mara ngapi wameionja.

Jambo hili lilithibitishwa kwa gharama isiyostahili kusahauliwa, katika hospitali ya Vipeholm kule Sweden, ambako baada ya mwaka 1945 wagonjwa wenye upungufu wa akili, wasioweza kukubali wala kukataa, walilishwa peremende za kunatanata kati ya mlo na mlo mpaka meno yao yakaoza. Na wale waliopewa sukari pamoja na chakula tu hawakudhurika vile. Elimu tuliyoipata hapo ni kweli, na dhuluma waliyotendewa wagonjwa wale ni kweli vilevile. Hapa Kenya, miaka mingi kabla ya hapo, watafiti John Boyd Orr na John Gilks walikuwa wamekwisha kuchapisha, mwaka 1931, uchunguzi wao juu ya Wamasai waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu waliokula nafaka na viazi, wakaona meno mabovu ni mengi zaidi kwa hao wa pili. Lakini si kila pengo ni la kuoza: wazee wa Kipsigis wenye pengo katika taya la chini hawakulipata kwa kuoza, bali kwa desturi ya kale, isiyofuatwa tena na wengi, ya kung'oa meno mawili ya mbele. Na sababu iliyosemwa ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, taya zikifunga, apate kunyweshwa kupitia hapo.

Dalili ya kwanza ya kuoza si tundu. Ni doa jeupe, jeupe la chokaa, ambalo huonekana vema jino likifutwa likakauka, hasa karibu na ufizi. Na doa hilo maana yake ni kwamba madini yametoka chini ya uso wa enameli, lakini uso wenyewe ungali mzima. Katika hali hiyo jino laweza kupona bila ya mashine wala sindano. Likiachwa, tindikali hufika katika dentini, ambayo ni laini zaidi, na huko uharibifu hutanuka kwa upana chini ya ganda, kama nguzo iliyoliwa na mchwa, hata siku moja mtu anatafuna muhindi wa kuchoma na upande wa gego unabomoka. Hutokea ganzi akinywa maji baridi. Kisha maumivu yasiyomwacha kulala. Kisha kiini hufa na maumivu hutulia, naye hudhani amepona, kumbe usaha unajikusanya katika ncha ya mzizi. Jipu la gego la chini likishuka chini ya ulimi na shingoni laweza kuziba pumzi, na watu wamekufa kwalo.

Mmea wa chai una ajabu yake katika habari hii. Huvuta floraidi kutoka katika udongo na kuiweka katika majani, zaidi katika yale yaliyokomaa, na floraidi kwa kiasi ndiyo isaidiayo madini kurudi katika enameli na kuifanya iwe vigumu kuyeyuka. Basi chai isiyo na sukari si adui wa jino, ila hulitia rangi tu. Lakini kiasi kikipita, kama katika visima vingi vya Bonde la Ufa upande wa Nakuru, ambavyo maji yake yamezidi kipimo cha miligramu 1.5 katika lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yangali yanaumbika ndani ya taya hutokea na meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu wala si kuoza, na ni dhuluma kumcheka mwenye nayo.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila watatu ana jino lililooza. Madaktari wa meno walianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, nao hata leo ni wachache nje ya miji mikubwa. Kwa hiyo wengi huenda hospitali jino likiwa limekwisha kufa, na hapo la kufanywa aghalabu ni kuling'oa.

Jino la kutazamwa kuliko yote ni gego la kwanza la kudumu, ambalo huchomoza mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila ya jino lolote kung'oka kulipisha. Na kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa ni moja katika yale yatakayobadilishwa, wakaliacha lioze. Uso wake una mifereji myembamba ambayo unyoya wa mswaki haufiki chini yake. Likipotea, gego lifuatalo huegemea mbele kuingia pengoni, na lile la juu lililokuwa likikutana nalo hushuka, na kutafuna kwa upande huo huharibika. Daktari aweza kuijaza mifereji hiyo dawa igandayo kabla ya tundu lolote, gego lingali jipya. Ni kazi ya dakika chache, mtoto hachomwi sindano wala hasikii maumivu, na baada yake hubaki kumpigisha mswaki kwa dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku, ateme povu asisukutue kwa maji mengi, na sukari yake ya siku aipate pamoja na chakula.