Bunduki ya bei poa shambani: Nafuu ya kweli au hasara ya polepole?

MFUGAJI wa kondoo wa Central Otago, kusini mwa New Zealand, hana simba wala fisi wa kumkosesha usingizi. Adui yake ni sungura. Wahamiaji kutoka Uingereza walimpeleka mnyama huyu huko katika karne ya 19 kwa ajili ya kitoweo na mchezo wa kuwinda. Kufikia mwaka 1876 alikuwa ameharibu malisho kiasi kwamba Bunge lilitunga sheria maalumu ya kupambana naye.

Wafugaji wengi wa kule hupiga hesabu kwamba sungura 10 hivi hula majani yanayomtosha kondoo mmoja. Kwa hesabu hiyo, mwenye sungura 1,000 shambani analisha kondoo 100 wasiompa sufu wala nyama.

Sumu imetumika na bado inatumika. Mwaka 1997 baadhi ya wakulima waliingiza kwa siri virusi vya ugonjwa unaoua sungura, kinyume cha uamuzi wa Serikali. Sungura walikufa kwa wingi, lakini waliobaki walizaliana, na wengine wakawa na kinga. Ndiyo maana hadi leo bunduki ndogo ya .22 ni chombo cha kazi katika shamba la kule, kama panga lilivyo kwetu.

Swali linalomkabili mfugaji huyo ni lile lile analokutana nalo mkulima wa Tanzania mbele ya duka la pembejeo: ninunue cha bei poa kutoka nje, au nijikamue nichukue cha jina kubwa?

Kwa nini .22?

Katika risasi kubwa, fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi ya .22, kemikali ya fataki imepakwa ndani ya ukingo wa kitako hicho, na pini ya bunduki hugonga ukingo. Ni ufundi rahisi kutengeneza kiwandani, hivyo risasi ni ya bei ndogo. Aina iliyoenea zaidi, .22 Long Rifle, imekuwapo tangu mwaka 1887. Haina kishindo kikubwa, haimuumizi mpigaji begani, na inamtosha sungura aliye mita 50 hadi 75.

Miongoni mwa bunduki za bei ya chini zilizouzwa kwa miaka mingi New Zealand, Australia na Canada ni JW-15, inayosafirishwa nje na kampuni ya Norinco ya China. Ni ya kukoki kwa mkono kila risasi. Umbo lake limefuata bunduki za Brno zilizoanza kutengenezwa Czechoslovakia baada ya Vita Kuu ya Pili, ambazo wajukuu wake leo huuzwa kwa jina la CZ. Marekani haiingii katika hadithi hii, kwa kuwa mwaka 1994 Rais Bill Clinton alipiga marufuku uingizaji wa bunduki na risasi nyingi kutoka China.

Wenye nazo wanasemaje?

Malalamiko ya wamiliki yanafanana. Mbao ya kitako ni laini na imepakwa vanishi nyekundu isiyovutia. Komeo linakwaruza likivutwa. Triga ni nzito, kiasi kwamba mpigaji huyumbisha bunduki kabla risasi haijatoka. Skrubu hulegea, na ubora hutofautiana kati ya bunduki na bunduki hata kama zimetoka kiwanda kimoja.

Sifa zake nazo zinafanana. Mtutu, ambao ndio moyo wa bunduki, mara nyingi huwa mzuri kuliko bei inavyoonyesha, na mwenye bahati hupata shabaha inayokaribia ile ya binamu yake wa Ulaya. Aidha, kwa kuwa umbo limeigwa, magazini ya CZ ya mtindo wa zamani kwa kawaida huingia. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini mnunuzi anapata chombo cha bei ya chini chenye vipuri ambavyo tayari vipo sokoni.

Wengi wanakubaliana pia kwamba bunduki hii hainunuliwi ikaanza kazi siku hiyo hiyo. Husafishwa grisi ya kiwandani, hukazwa skrubu, komeo hulainishwa, kisha hujaribiwa kwa aina kadhaa za risasi mpaka ipatikane inayoipenda. Anayefurahi nayo ni yule mwenye mkono wa ufundi, au mwenye fundi jirani.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa dola. Bunduki ya bei poa ni 300, darubini ya kulengea 150, na fundi wa kuirekebisha 100. Jumla ni 550. Ya jina kubwa ni 900, na kwa darubini ile ile inakuwa 1,050. Haihitaji fundi. Tofauti ni dola 500, na hapo wanunuzi wengi hufunga daftari.

Wasifunge. Mfugaji akipiga risasi 3,000 kwa mwaka kwa senti 12 kila moja, anatumia dola 360. Kwa miaka 10 ni dola 3,600. Risasi zimeipita bunduki yenyewe kwa mbali, hata ile ya ghali.

Sasa tuseme bunduki ya bei poa hukosa shabaha mara nyingi kidogo, ikahitaji asilimia 15 zaidi ya risasi kwa kazi ile ile. Hiyo ni dola 540. Akiba yote ya 500 imekwisha, na dola 40 juu, bila kuhesabu usiku uliopotea na sungura aliyejeruhiwa akarudi shimoni.

Ikiwa mtutu ni mzuri na hakuna tofauti ya shabaha, akiba inabaki. Hata hivyo, baada ya miaka 10 ya jina kubwa inaweza kuuzwa kwa 450 na ya bei poa kwa 100. Tofauti hiyo ya 350 ikitolewa, faida halisi ya aliyenunua bei poa ni dola 150 kwa miaka 10. Si haba, lakini siyo ile 500 iliyomvuta dukani.

Kwa mtu anayepiga risasi 200 tu kwa mwaka, hesabu inageuka. Gharama ya risasi ni ndogo mno, na hana sababu ya kufungia dola 500 za ziada kabatini. Kwake bei poa ni uamuzi wa busara.

Pasipobanwa matumizi

Wapo wanaojaribu kulainisha triga wenyewe kwa tupa na springi laini. Hapa uchumi unakoma. Triga iliyosuguliwa kupita kiasi inaweza kufyatuka bunduki ikianguka au ikigongwa, na risasi ya .22, pamoja na udogo wake, inaweza kwenda zaidi ya kilometa 1.5. Pesa ya fundi mwenye ujuzi isipunguzwe.

Gharama nyingine isiyoandikwa kwenye lebo ni sheria. New Zealand hutaka leseni na hifadhi iliyofungwa. Baada ya mauaji ya watu 51 mjini Christchurch mwezi Machi 2019, nchi hiyo ilipiga marufuku bunduki nyingi zinazojikoki zenyewe, lakini .22 za kukoki kwa mkono zilibaki kuwa halali kwa wenye leseni. Daftari la silaha nalo lilianza mwaka 2023. Kabati la chuma na leseni havina toleo la bei poa.

Somo kwa mkulima wetu

Makala haya hayamshawishi mkulima wa Mvomero akatafute bunduki. Hapa nchini umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini hesabu ya mfugaji wa Otago inatuhusu. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pawatila nyingi ziliingia nchini, na baadhi zikaishia kuegeshwa chini ya mwembe kwa kukosa vipuri, fundi, au kwa kushindwa na udongo mzito.

Kabla ya kutoa pesa kwa pawatila, pampu au bomba la kunyunyizia dawa, mkulima ajiulize mambo matatu. Moyo wa chombo ni mzima? Vipuri vyake vinaingiliana na vya chombo kingine kilichozoeleka? Nitakitumia kiasi gani kwa mwaka? Majibu ya mawili ya kwanza yakiwa mazuri na matumizi ni madogo, nunua bei poa bila aibu. Matumizi yakiwa makubwa, kumbuka wahenga: rahisi ni ghali.