Uvimbe wa kinena: Je, ni ngiri au ni kitu kingine?

WANAUME wengi wakigundua uvimbe kwenye kinena huufanya siri. Hawamwambii mke wala ndugu, na humeza tembe za kutuliza maumivu wakitumaini utaondoka wenyewe. Lakini mficha maradhi kilio humfichua.

Ngiri, ambayo wengine huiita henia, hutokea misuli ya ukuta wa tumbo inapolegea, na kipande cha utumbo au mafuta ya tumboni kikapenya na kutokeza chini ya ngozi. Aghalabu huonekana kinenani, kitovuni, juu ya paja au kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Kuinua mizigo mizito, kikohozi kisichoisha na kujikamua chooni huizidisha.

MKONO KWANZA

Mara nyingi daktari hahitaji mashine yoyote. Humwambia mgonjwa asimame na kukohoa, naye akiweka vidole penye uvimbe huuhisi ukisukumwa nje. Vivyo hivyo, kitovu cha mtoto mchanga kilichotokeza kwa kawaida hakihitaji picha. Wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza miaka 5, na kukifunga kwa sarafu hakusaidii.

Picha huhitajika penye shaka. Uvimbe wa korodani waweza kuwa ngiri iliyoteremka, lakini pia waweza kuwa busha, maradhi yanayojulikana sana Pwani. Ule wa kinena huenda ukawa tezi zilizovimba. Na wapo wanaoumwa bila uvimbe kuonekana.

ALTRASAUNDI

Kwa kawaida huanzwa na altrasaundi, mashine ile ile inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Hutumia mawimbi ya sauti wala si miale, kwa hivyo hata mja mzito hupimwa bila wasiwasi. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa hupimwa akikohoa au akiwa amesimama, na utumbo ukaonekana ukipenya papo hapo. Ngiri ndogo hujificha mtu akilala kimya. Basi msomaji, ukiambiwa ukohoe, usione haya. Hata hivyo, matokeo hutegemea sana ujuzi wa anayepima.

Siti-skani, iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza London mwaka wa 1971, hutumia miale ya eksirei kuonyesha mwili kipande kwa kipande, mithili ya mkate uliokatwa. Huwafaa wagonjwa wanene na wenye ngiri kubwa ya kovu, kwani daktari huona upana wa tundu kabla ya kupasua. Huonyesha pia utumbo ulioziba. Lakini ni ghali kuliko altrasaundi, na miale yake haifai kutumiwa ovyo.

USINGOJE

Picha haitibu ngiri, wala hakuna tembe ya kuziba tundu hilo. Tiba yake ni upasuaji. Wanawake nao wasijidanganye: ngiri ya juu ya paja huwapata wao zaidi, nayo hubanwa upesi.

Uvimbe ukikataa kurudi ndani, ukawa mgumu wenye uchungu mkali au ukabadilika rangi, na mgonjwa akatapika au akashindwa kwenda choo, huenda utumbo umebanwa na damu haiufikii. Waweza kuoza kwa muda wa saa chache tu. Hapo usisubiri miadi ya kupigwa picha wala kupambazuke. Mkimbize mgonjwa katika hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huo huo.