Anayetaka kubadilisha taaluma ahesabu miezi, si shilingi

Mfanyakazi anapochoshwa na kazi yake na kuanza kuiwazia nyingine, jambo la kwanza analojiuliza ni pesa ngapi zitahitajika. Swali hilo limewakwamisha wengi. Hutaja kiasi cha kutisha, nusu milioni au hata milioni nzima, kisha wakaona hakifikiki na miaka ikawapita wakiwa kwenye kiti kile kile. Wengine hughadhabika siku moja, wakaandika barua ya kujiuzulu, na kabla ya miezi minne kwisha wamerudi kubisha hodi kwa mwajiri waliyemkimbia.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: kwa akiba niliyo nayo, mimi na wanaonitegemea tunaweza kuishi miezi mingapi bila mshahara? Mtu anayeacha kazi ili ajifunze nyingine ananunua muda. Bei ya muda huo haipangwi na soko wala na serikali. Hupangwa na maisha anayoishi mwenyewe.

Tuchukue mfano wa karani wa hesabu jijini Nairobi ambaye barua yake ya ajira inasema mshahara ni Sh60,000 kwa mwezi, na ambaye anataka kuwa fundi wa umeme. Anaishi peke yake, lakini kila mwezi humtumia mamake Sh4,000 kijijini. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, mchango wake wa NSSF ni Sh3,600, wa bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75, yaani Sh1,650, na ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani Sh900. Ushuru wa mapato, baada ya kuondoa nafuu ya kila mwezi, ni takriban Sh8,540. Kinachomfikia mkononi ni kama Sh45,300. Hiyo ndiyo pesa ya kufanyia mipango. Ile Sh60,000 ni ya kusomewa wageni.

Tuseme karani huyu hutumia Sh38,000 kwa mwezi na kubakiwa na Sh7,300. Ili apate pesa za kuishi mwezi mmoja bila kazi, itambidi afanye kazi zaidi ya miezi mitano. Sasa tuseme amebana matumizi hadi yakafika Sh28,000. Akiba yake ya mwezi inakuwa Sh17,300, na mwezi mmoja wa kuishi bila mshahara haugharimu tena Sh38,000 bali Sh28,000. Kazi ya chini ya miezi miwili inatosha kuununua.

Hapa ndipo wengi wasipoona. Shilingi iliyookolewa hufanya kazi mara mbili: huongeza akiba, na papo hapo hupunguza kiasi kinachohitajika. Nyongeza ya mshahara haina nguvu hiyo, hasa iwapo mwenye kuipata atahamia nyumba kubwa zaidi mwezi unaofuata.

Tumalize hesabu hiyo. Iwapo karani anahitaji miezi sita ya kusoma na mitatu ya kutafuta wateja, pamoja na Sh80,000 za karo, vifaa na leseni, basi kwa maisha ya Sh38,000 anahitaji Sh422,000. Akiweka Sh7,300 kila mwezi, itamchukua karibu miaka mitano. Kwa maisha ya Sh28,000 anahitaji Sh332,000, na atazipata kwa miezi 20. Mshahara ni ule ule. Ndoto inayochukua miaka mitano aghalabu hufa njiani, lakini miezi 20 ni muda ambao mtu anaweza kuuvumilia akiwa amebandika kalenda ukutani.

Je, hizo Sh10,000 zitatoka wapi? Washauri wengi huanza na kikombe cha chai na chapati ya saa nne. Mimi naona huko ni kumwonea mnyonge. Anayejinyima chai huku akilipia chumba cha ziada ambacho hakuna anayelala ndani yake anaziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi. Kodi ya nyumba ndiyo huwa fungu kubwa kuliko yote, na hukatwa mara moja tu: ukishahama, huhitaji tena kujikaza kila asubuhi. Karani wetu akihama kutoka nyumba ya Sh14,000 hadi ya Sh10,000, ameshapata Sh4,000. Hata hivyo, asikimbilie kodi ndogo iliyo mbali. Nauli za matatu hupanda saa za jioni na mvua inaponyesha, na nyumba ya bei nafuu inayohitaji magari mawili kwenda na mawili kurudi huenda ikawa ghali kuliko ile aliyoihama. Vilevile akumbuke kwamba kuhama kwenyewe kuna gharama, kwa kuwa mwenye nyumba mpya hutaka amana na kodi ya mwezi wa kwanza kwa pamoja.

Fungu la pili ni chakula, na hapa adui ni ununuzi wa vipimo vidogo vidogo, ule tunaouita uchumi wa kadogo. Mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari ya kufungiwa kwenye karatasi na sabuni ya kipande huonekana rahisi kwa siku, lakini ukijumlisha kilo kwa kilo utakuta maskini ndiye anayelipa bei ya juu zaidi. Mwenye mshahara wa mwezi hana sababu ya kununua hivyo. Anunue nafaka na maharagwe mara moja mwishoni mwa mwezi, achemshe githeri ya siku tatu kwa moto mmoja, na abebe chakula cha mchana kazini. Wenzake watamcheka kwa wiki mbili kisha watazoea. Chakula kikimpa Sh2,500, nauli Sh1,500, na vifurushi vya runinga, data na mavazi Sh2,000, zile Sh10,000 zimetimia.

Sikugusa Sh4,000 za mama. Kuna wanaoshauri kwamba msaada kwa jamaa usimamishwe hadi mambo yatengemae. Ushauri huo hauelewi jinsi tunavyoishi. Mwana anayenyamaza ghafla huzua maswali kijijini, na siku mzazi atakapougua atalipa kwa mkupuo kile alichodhani ameokoa. Afadhali msaada uwe na kiasi maalumu kinachojulikana, na aliye nyumbani aelezwe mapema kwamba kuanzia mwezi fulani kitapungua. Hali kadhalika michango ya harusi, matanga na karo: itengewe fungu dogo kila mwezi, na fungu likiisha, mtu aseme kwa upole kwamba limeisha. Aliye na mke au mume asithubutu kuanza mpango huu kisirisiri.

Kabla ya kuweka akiba, lakini, yapo madeni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Wapo wanaoishi miaka kwa theluthi moja iliyobaki, wakijazilizia pengo kwa mikopo ya simu. Mtu wa namna hiyo hawezi kununua hata wiki moja ya uhuru. Alipe kwanza mikopo midogo ya simu, ambayo ada zake hujirudia kila anapokopa, kisha agusie mikubwa. Deni linalokatwa kwenye mshahara halifi mshahara unapokoma.

Pesa ziwekwe wapi? Wafanyakazi wengi watasema kwenye chama cha ushirika cha akiba na mikopo, na ni kweli kwamba Sacco zimewainua Wakenya wengi. Lakini kwa lengo hili kuna mtego. Amana za mwanachama, zile zinazomwezesha kukopa, kwa kawaida hazitolewi ila anapojiondoa chamani, na vyama vingi hutaka ilani ya siku 60. Zaidi ya hayo, iwapo amewadhamini wenzake, amana zake hushikiliwa hadi wamalize kulipa au wapate mdhamini mwingine. Fikiria mtu aliyeweka Sh300,000 kwa miaka miwili, akaandika barua ya kujiuzulu, kisha akaambiwa kuwa pesa zake zimefungwa na mkopo wa rafiki aliyemtilia saini kwa dakika mbili karibu na mashine ya chai. Anayepanga kuondoka aanze kukataa udhamini tangu siku ya kwanza ya mpango wake, na kwa ule aliokwisha kuutoa, aombe mapema nafasi yake ichukuliwe na mwingine.

Kwa hiyo akiba ya miezi hii ikae mahali inapoweza kuchukuliwa kwa siku chache. Akaunti ya akiba ya benki hutoa riba ndogo, lakini amana za mteja zinakingwa na Shirika la Bima ya Amana nchini hadi Sh500,000 kwa kila benki. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2020 kutoka Sh100,000. Waliokuwa na pesa katika Imperial Bank mwaka 2015 au Chase Bank mwaka 2016 hawahitaji kuelezwa umuhimu wa kinga hiyo. Hazina za soko la fedha, zinazosimamiwa na kampuni zilizo na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mtaji, aghalabu hulipa zaidi, na mtu hupata pesa zake baada ya siku chache. Faida yake hukatwa ushuru wa asilimia 15, na kinga ya benki haizihusu. Chama cha mzunguko nacho kina nafasi yake, hasa ukiomba zamu yako iangukie mwezi wa kulipa karo.

Mahali pasipofaa ni kwa yeyote anayeahidi kuzidisha pesa upesi. Aliye na haraka ya kuacha kazi ndiye windo bora la matapeli, kwa sababu ameshachoka kungoja. Jopo lililoongozwa na Francis Nyenze liliripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya Sh8 bilioni katika miradi ya upatu. Majina ya miradi hiyo yamebadilika tangu wakati huo, na mingine imehamia kwenye simu, lakini ahadi ni zile zile.

Miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuondoka, karani wetu afanye jaribio. Mshahara ukiingia, zile Sh28,000 azitenge na nyingine zote azipeleke kwenye akiba siku hiyo hiyo, bila kuzigusa hata mgeni akija. Akishindwa mwezi wa pili, basi bei halisi ya mwezi wake si Sh28,000, na ni heri alijue hilo angali na mshahara. Ni vyema jaribio lihusishe Januari, mwezi unaofuata gharama za Krismasi na ambao jamaa wote hukumbuka karo. Kwa sababu hiyo hiyo, anayejiuzulu Desemba anajitafutia balaa.

Katika kipindi hicho ajifunze kazi yenyewe. Aombe kuandamana na fundi mwenye leseni siku za Jumamosi, abebe ngazi, avute nyaya darini, aone kama bado anaipenda kazi hiyo akiwa na vumbi machoni. Vyuo vya kiufundi vimeanza kufunza kwa moduli, na anayeweza kumaliza moduli moja jioni kabla ya kuacha kazi amepunguza idadi ya miezi anayohitaji kununua. Aidha, asisahau kwamba fundi wa umeme huhitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Cheti cha chuo pekee hakimruhusu kujipatia kazi ya kuunganisha umeme nyumbani mwa watu.

Siku ya kuondoka ikifika, aondoke kwa utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kisheria kutoa ilani ya maandishi ya angalau siku 28, ingawa mkataba unaweza kudai zaidi. Adai malipo ya siku za likizo alizostahili na hakuzichukua, pamoja na cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimu mwajiri kukitoa kwa yeyote aliyefanya kazi wiki nne au zaidi. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Pesa hizo zitengwe kabla ya mshahara wa mwisho kutumika.

Jambo moja zaidi lapaswa kuandikwa kwenye daftari kabla ya barua ya kujiuzulu kupelekwa: akiba ikishuka hadi kiasi cha miezi mitatu na wateja hawajapatikana, karani atatafuta kibarua chochote cha kumlipia kodi, iwe ni kuandika vitabu vya hesabu vya duka la jirani au kufanya kazi chini ya fundi mwingine kwa malipo ya siku. Kwa maisha ya Sh28,000, mstari huo uko kwenye Sh84,000. Aupige kwa kalamu nyekundu wakati bado ana mshahara.