Ukambani: Magari ya kale yana wateja, lakini mizani ya skrapu ndiyo inayofika kwanza

Gari kuukuu lililoachwa chini ya mwembe sasa lina wanunuzi wa aina tatu katika soko la Kwa Vonza na vituo vingine vya biashara kwenye barabara ya Machakos hadi Kitui. Yuko mnunuzi wa skrapu, anayelithamini kwa kilo. Yuko fundi wa mikokoteni ya punda, anayetaka ekseli, springi na magurudumu. Na yuko mtu wa makamo mwenye kazi nzuri mjini, ambaye alijifunza kuendesha kwenye Pijo 504 la babake na leo anatafuta lingine kama hilo kwa udi na uvumba. Huyu wa tatu ndiye mwenye pesa nyingi zaidi, lakini ndiye anayechelewa kufika.

Kwa hesabu ya kawaida, mali hii ilipaswa kupanda bei kila mwaka. Kanuni za Kenya haziruhusu gari la mitumba lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza kuingia nchini. Mwenye hamu ya Datsun 1200 au 504 hawezi kuliagiza kutoka Japani au Uingereza kama anavyoagiza gari la kawaida. Sharti atafute yaliyobakia humu humu. Na yaliyobakia yanapungua.

Hamu yenyewe si ya kubuni. Pijo 504 liliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, likabeba abiria, walimu, mbuzi na magunia ya maembe. Lilishinda mashindano ya mbio za magari ya Safari mwaka 1975, kisha tena 1978. Watoto waliokua wakifuatilia mashindano hayo redioni kila Pasaka waliunda magari yao kwa waya, wakayawekea magurudumu ya soli za ndala na usukani mrefu wa kusukumia. Kizazi hicho sasa kina mshahara, na baadhi yao wanataka hata namba za usajili za zamani, zile za kabla ya 1989 zisizo na herufi mwishoni.

Pesa za biashara hii zinaonekana Nairobi, katika maonyesho ya kila mwaka ya magari kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Zinaonekana pia katika Safari ya magari ya kale, inayofanyika tangu 2003 na kuvutia madereva wa ng'ambo. Kwa Vonza kinachofika ni dalali mwenye simu, anayepiga picha, anayepunja bei, na ambaye huenda asirudi tena.

Mfanyabiashara mmoja wa spea kuukuu, aliyeomba jina lake lisitajwe, ana malalamiko ambayo wenzake kadhaa wanayarudia karibu neno kwa neno. Yeye hununua gari bovu, akalifungua kipande kwa kipande, kisha akasubiri mteja wa kabureta, wa difu, wa taa au wa kioo cha mlango. Anaweza kusubiri miezi. Mnunuzi wa skrapu hupita vijijini na lori, hulipa taslimu papo hapo, na jioni mzigo wake uko njiani kuelekea viwanda vya kuyeyusha chuma.

Anasema tatizo ni kile ambacho mizani haikioni. Pijo 504 lina uzito wa takriban kilo 1,200, na karibu thamani yote ya skrapu iko kwenye bodi, injini na giaboksi. Lakini mteja anayelifufua gari la babake mara nyingi hatafuti chuma kizito. Anatafuta dashibodi isiyopasuka, kioo cha mbele, kitasa, fremu ya taa, na ile gia iliyo kwenye usukani. Vyote hivyo kwenye mizani ni kama bure, na ndivyo vinavyovunjwa kwanza gari linapokatwa kwa gesi. Kwa maelezo yake, gari likishakatwa, spea ambazo zingemlipa fundi kwa mwaka mzima zimepotea kwa malipo ya siku moja.

Kuna pia suala la karatasi. Magari mengi ya aina hii bado yamesajiliwa kwa jina la mtu aliyefariki. Kuyahamisha kisheria kunahitaji familia ikamilishe mirathi mahakamani, na familia nyingi hazijafanya hivyo hata kwa shamba. Mfanyabiashara wetu anadai kwamba yeye, mwenye kibanda kinachojulikana, ndiye anayeulizwa logbuku, ilhali lori la skrapu halina anwani. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 baada ya uharibifu wa nyaya na nguzo za umeme, anasema aliwekwa kapu moja na wezi hadi marufuku hiyo ilipoondolewa Mei.

Afisa mmoja wa serikali anayehusika na biashara anashikilia kuwa mambo yamedhibitiwa: sheria ya 2015 inamtaka mnunuzi wa vyuma chakavu awe na leseni na aandike kumbukumbu za anayemuuzia. Sheria hiyo ipo kweli. Hata hivyo, wauzaji tuliozungumza nao hawakumbuki kuandikiwa chochote zaidi ya kiasi walicholipwa.

Fundi wa mikokoteni halaumiwi sana, na ni haki. Ekseli ya nyuma ikichomelewa fremu ya chuma na kutandikwa mbao, punda mmoja au wawili hubeba mitungi ya lita 20 kutoka mtoni au kisimani hadi nyumbani. Katika eneo kavu kama hili, hayo ni matumizi yenye heshima.

Magari si vitu vya kale pekee vinavyouzwa hapa, ila upande wa vyombo vya umeme soko ni jembamba zaidi. Televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe zilizotumia betri ya gari, na ambazo ziliwapa wachajishaji betri riziki sokoni, zilipoteza kazi matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015. Leo nyingi hununuliwa kwa ajili ya shaba iliyo ndani. Redio bado zina soko kwa sababu ya vituo vinavyotangaza kwa Kikamba. Mafundi wachache wamegundua kipato kipya: kusafisha kaseti na kuhamishia kwenye kidude cha kumbukumbu sauti za harusi au za wazee waliokwishafariki. Santuri za benga za miaka ya 1970 nazo hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, lakini bei nzuri hupatikana Nairobi, na wanamuziki wenyewe ni nadra kuona senti.

Kwa magari, mbele kuna ukungu. Huenda hamu ikaongezeka kadiri magari yanavyoadimika. Huenda pia gharama zikaizima: kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo, na mapendekezo ya kukagua magari ya binafsi yaliyozidi miaka minane, au hata minne, yanawatia wasiwasi wenye magari ya kale. Hosteli zinazojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya karibu nazo zinazidi kula viwanja ambamo magari haya yameegeshwa, na mwenye kiwanja akitaka nafasi hatasubiri mteja wa Nairobi.

Kwa familia yenye gari kama hilo, ushauri wa wafanyabiashara ni mmoja, na unaonekana kuwa wa maana: kamilisheni mirathi, tafuteni logbuku, kisha muulizeni muuza spea bei kabla ya kuita lori. Hakuna anayeahidi kwamba bei hiyo itakuwa kubwa. Lakini gari likishayeyushwa, kanuni za uagizaji hazitaruhusu lingine la aina yake liletwe.