Kulisoma Boya la Mto Wilson

Mvuvi wa stilihedi anaweza kurusha mshipi kutwa nzima asiguswe hata mara moja, na bado asiwe amekosea chochote. Hapo ndipo taabu ya anayejifunza peke yake inapoanzia. Akirusha vizuri, kimya. Akirusha vibaya, kimya vilevile. Katika mito ya pwani ya Oregon, magharibi mwa Marekani, wengi huupata ujuzi huu kwa kusimama majini ubavuni mwa rafiki aliyeuzoea mto mmoja kwa miaka mingi, ambaye anaweza kumwambia: huko kurusha kwako hakukuwa na samaki, lakini kulikuwa kuzuri.

Stilihedi ni trauti yuleyule wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, aliyeletwa zama za ukoloni kwenye mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Tofauti iko kwenye safari. Trauti wa Kenya huishi na kufa katika maji baridi ya milimani. Stilihedi huanguliwa mtoni, hukulia humo mwaka mmoja hadi mitatu, kisha huteremka hadi bahari ya Pasifiki kula na kunenepa. Anaporudi kutaga katika mto aliozaliwa huwa na kilo tatu, nne, tano. Wachache hupita tisa. Samoni wengi wa Pasifiki hufa wakishataga, ila baadhi ya stilihedi hunusurika wakarudi tena baharini.

Mto Wilson, mmoja wa mito hiyo ya pwani ya Oregon, unashuka kutoka milima ya Coast Range, sehemu kubwa ukifuatana na barabara namba 6 inayotoka upande wa Portland, hadi ghuba ya Tillamook, penye mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Misitu ya huko iliungua vibaya mwaka 1933, ikaungua tena 1939, 1945 na 1951, kisha ikapandwa upya. Majira ya baridi mvua hazina huruma, na mto hupanda na kushuka upesi. Mvua kubwa ikipiga usiku, asubuhi maji ni kama chai ya maziwa. Yakianza kutulia na kugeuka kijani, simu za wavuvi huanza kulia.

Kina cha mto mtu yeyote anaweza kukiona mtandaoni, kwenye vipimo vya idara ya jiolojia ya Marekani, USGS. Asichokiona ni maana yake. Rafiki mwenyeji ndiye anayejua kwamba maji yakifika kimo fulani, shimo la juu halivuliki kabisa lakini ukingo wa chini, ambao jana ulikuwa mkavu, sasa una samaki wanaokwepa mkondo.

Chambo chenyewe ni jigi, kitu kidogo. Ndoana moja, kichwa cha risasi cha gramu tatu na nusu hivi, na kishungi cha manyoya laini ya waridi, meusi au mekundu. Tundu la kufungia mshipi liko mgongoni, kwa hiyo jigi ikining'inia hulala mlalo kama kiumbe kinachoogelea. Manyoya hayo huitwa marabu, na zamani yalitoka kwa wale korongo wakubwa wenye upara na kifuko shingoni, haohao wanaopekua majalala ya Kampala. Leo yanatoka kwa bata mzinga. Yakilowa hayatulii. Hata jigi ikisimama, mkondo huyafungua na kuyafumba.

Juu ya jigi kuna nailoni nyembamba, kisha chubwi, kisha boya linaloteleza kwenye mshipi hadi lizuiwe na fundo dogo la uzi. Fundo hilo ndilo linaloamua kina, na ndilo kitu cha kwanza ambacho rafiki hukigusa. Stilihedi hukaa karibu na mawe ya chini na huinuka kufuata chambo kuliko kukiinamia, hivyo jigi inatakiwa ipite sentimita thelathini au arobaini juu ya mawe. Mwanafunzi, kwa kuogopa kunasa, huipandisha mno. Rafiki hulisogeza fundo shibiri moja, anatazama, analisogeza tena. Boya likiinamia upande maji yanakokwenda, jigi inaburuzwa chini. Likilala kabisa, chubwi imekaa juu ya mawe.

Kazi ngumu ni mwendo. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, na mshipi uliolala juu ya maji hujikunja tumbo ambalo mkondo hulishika na kulivuta boya. Jigi ikivutwa hivyo, samaki huiacha ipite. Dawa yake ni kuinua ncha ya fimbo na kuutupa mshipi upande wa juu wa mto bila kulitikisa boya. Kwa maneno ni jambo la sekunde moja. Kwa mkono ni la msimu mzima, na hakuna maelezo yanayoshinda kumwona mtu akilifanya mita mbili kutoka ulipo.

Kisha kuna mawe. Boya likididimia, mgeni hushtuka na kuinua fimbo, naye hafanyi vibaya. Mwenyeji hucheka tu: boya huzama palepale kila linapopita, nusu mita baada ya gogo lililoanguka, kwa sababu pana mwamba. Siku litakapozama hatua mbili kabla ya hapo, yeye atakuwa amekwisha kuinua fimbo.

Samaki akifika mkononi, cha kwanza kutazamwa ni mgongo. Aliyekatwa lile pezi dogo la nyama karibu na mkia ametoka kwenye vituo vya kuzalishia na anaweza kuliwa. Mwenye pezi zima ni wa mwituni na hurudishwa, mikono ikiwa imelowa na samaki akiwa bado majini. Wilson una jambo lake hapa: baadhi ya vifaranga wa vituoni huzaliwa na wazazi wa mwituni waliovuliwa kwa ndoana mtoni humo.

Mwanafunzi akihamia Trask au Nestucca, mito jirani, mkono wa kuutupa mshipi anakwenda nao. Mawe hayaendi. Huko itambidi apoteze jigi kadhaa kwanza, au atafute mwenyeji mwingine mwenye subira.