UNAUZA CHUNGU AU UNAUZA STORI YA CHUNGU? Somo kutoka Matema na Karonga



Mimi nauza vyungu vya Wakisi na mchele wa Kyela kwa simu. Duka sina. Nina kona ya sebuleni, mizani na bando. Wateja wangu wengi wako Mbeya mjini, Dodoma na Dar. Kitu kimoja nimekiona wazi: nikiposti chungu na bei tu, naulizwa "mwisho shilingi ngapi?" Nikiposti chungu hicho hicho na maelezo kimetoka wapi na kinafinyangwaje, swali linabadilika: "Nakipataje?"

Kwa hiyo leo tuongee historia. Sio ile ya mtihani, ni ile inayouza.

KARONGA WALIFANYA NINI?

Ukivuka mpaka wa Kasumulu na daraja la Mto Songwe, ukaenda kama kilomita 50 ndani ya Malawi, unafika Karonga. Huko kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004. Ukiingia tu unakutana na mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyepatikana kwenye ardhi ya wilaya hiyo hiyo. Wilaya hiyo pia ina Uraha, ambako mwaka 1991 watafiti walipata taya la binadamu wa kale sana, la zaidi ya miaka milioni 2. Makumbusho yanakutoa kwenye enzi za dinosaria yanakuleta hadi siasa za Malawi ya leo.

Ona biashara iliyopo hapo. Mifupa ilikuwa chini ya udongo siku zote, na hakuna aliyefunga safari kuifuata. Iliposimuliwa vizuri, kwa mpangilio, mgeni akapata sababu ya kusimama Karonga badala ya kupita. Akisimama, atakula, atalala, atanunua kitu.

Sasa rudi Matema. Mgeni anafika, anaogelea, anapiga picha Milima ya Livingstone, anaondoka. Anajua maji ni mazuri, ila hajui amesimama wapi. Hela yake nyingi imebaki mfukoni, na mama aliyefinyanga chungu hakumuona kabisa.

STOKI YA STORI TULIYO NAYO

Kwanza, Jumamosi ya Lyulilo. Hapo jirani na Matema kuna soko la vyungu kila Jumamosi. Wanawake wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilicho chini ya milima. Vinafinyangwa kwa mkono, vinachorwa, vinachomwa, kisha vinavuka maji. Hayo ni makumbusho yanayotembea, na hayana kiingilio.

Pili, enzi za wakoloni. Wamisionari wa Kijerumani kutoka Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Serikali ya Wajerumani nayo ilikuwa na kituo ufukweni kilichoitwa Langenburg. Baadaye kikahamia mlimani kikaitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Ndiyo Tukuyu ya leo. Mgeni anayepita Tukuyu kuja ziwani anaifuata historia hiyo kinyumenyume bila kujua.

Tatu, vita ya meli. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa juu ya chanja ya matengenezo pale Liuli, upande wa Ruvuma. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa wanafahamiana. Inasimuliwa kuwa Mjerumani hakujua hata kama vita imeanza, akamfuata mwenzake kwa hasira kumuuliza kama amelewa! Mwezi uliofuata mapigano yakahamia Karonga. Stori hiyo mgeni akiisikia akiwa ameyatazama maji yenyewe, hasahau.

UNAITUMIAJE? FANYA HAYA MANNE

1. Taja chimbuko. Usiandike "chungu cha asili". Andika "Chungu cha Wakisi, Ikombe, kimenunuliwa Lyulilo Jumamosi". Mfinyanzi akikubali picha yake au jina lake litumike, tumia. Asipokubali, taja kijiji inatosha. Na bei ikipanda kwa sababu ya stori, mpandishie na yeye. Stori ni ya kwake, wewe umeibeba tu.

2. Uza siku, usiuze bidhaa peke yake. Ongea na mwenye mtumbwi, mama wa wali na mbasa, na kijana anayeijua njia na historia. Mgeni aone soko asubuhi, ale mchana, abebe chungu jioni. Kila mtu apate chake, na bei ijulikane kabla ya kuanza. Kwenye maji, jaketi la kuokolea maisha ni lazima.

3. Usiongeze chumvi. Kuna mwenzangu mmoja alinishauri niandike "vyungu vya enzi za Mjerumani" ili nipige bei mara tatu. Nilikataa, nikamwambia hivi: chungu cha wiki iliyopita ni kizuri kwa sababu mikono iliyokitengeneza ipo hai na ufundi haujafa. Mteja akigundua umemdanganya kuhusu chungu, hata mchele wako ataushuku. Na sisi wa Kyela tunaijua shida hiyo: mchele wa kwingine unavyouzwa kwa jina letu, tunaoumia ni sisi. Tusiwafanyie Wakisi tusichopenda kufanyiwa.

Ukiletewa kitu cha kale kweli, sarafu, silaha au mabaki yoyote, usikimbilie kuposti. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Pita kwanza kwa afisa utamaduni wa halmashauri uulize.

4. Funga mzigo vizuri. Stori nzuri na chungu kilichopasuka haviendani. Mimi natumia pumba za mpunga, Kyela zimejaa. Jaza ndani ya chungu, jaza pembeni, boksi lisicheze. Juu weka kikaratasi chenye mistari mitatu: kimetoka wapi, kimefinyangwa na nani, kitunzwe vipi. Wateja wengi wanakipiga picha hicho kikaratasi na kukiweka statasi. Hilo ni tangazo la bure.

KAZI YA WIKI HII

Chukua bidhaa moja tu unayouza. Nenda kwa mzee au bibi anayeijua, muulize maswali matatu: ilianzaje hapa, nani aliitengeneza zamani, na nini kimebadilika? Andika majibu kwa mistari mitano, uyaposti na picha. Usibadilishe bei kwanza. Angalia maswali ya wateja yanavyobadilika.

Wazee wanaondoka, na wanayoyajua yanaondoka nao. Wakati tunasubiri kujengewa makumbusho, kurasa zetu zinaweza kuanza kuyahifadhi, na zikatulisha pia.

Eneo lako lina stori gani ambayo wateja wako hawajawahi kuisikia? Iandike hapa chini, tujifunze wote.